Saa ya Mwaka wa Jumanne

Rahmo binti Bare alijua kusoma mambo mengi. Alama ya kwato kwenye vumbi ilimwambia kama ng'ombe ana mimba au anachechemea, na ladha ya maziwa ilimwambia ngamia amelishwa upande gani. Saa ya mkononi hakujua kuisoma. Mumewe, Sugow, alijaribu kumfundisha mara nyingi, akikishika kidole chake na kukizungusha juu ya kioo, na kila mara somo liliishia kwenye kicheko.

"Ya nini?" Rahmo alikuwa akimwambia. "Jua lipo. Nawe upo. Nikitaka kujua ni saa ngapi nitakuuliza."

Basi siku saa ilipoletwa nyumbani peke yake, bila mkono wa kuivaa, hakuweza kusema kama ni yenyewe au siyo.

Aliyeileta alikuwa Abshiro, mwanamke mfugaji aliyelisha mbuzi wake njia ya kwenda Bura. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mwaka 1966, na vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Walikuwapo waliotaka nchi ile ijitenge na Kenya iungane na Somalia. Serikali iliwaita mashifta, na wao wenyewe walijiita majina mengine. Waliobaki katikati, watu na mifugo yao, hawakuwa na jina lolote. Barabara zilikuwa zimetegwa mabomu, na hakuna aliyejua mkono uliotega lipi. Mjini Garissa jua likitua kila mtu alikuwa ndani.

Abshiro alifungua pindo la shuka yake, akaitoa saa na kuiweka juu ya mkeka, mbele ya Rahmo na mama mkwe wake, Habibo.

"Lori lilikanyaga bomu," alisema. "Wanaume wa kwetu waliwakuta watu watatu wamekufa. Waliwaswalia, wakawazika hapo hapo. Wawili tuliwajua. Wa tatu, moto haukutuachia uso. Tulimvua saa kabla hajaingia kaburini, ili watu wake wapate kumjua. Imepita kambi nyingi, mama. Kila aliyeipokea alisema, si ya kwetu. Ndipo nikasikia kwamba katika mtaa huu wa Galbet kuna mwanamke anamngoja mume mwenye saa."

Habibo hakuigusa. "Wanaume wenye saa ni wengi," alisema.

"Ni kweli, hooyo. Ni wengi," Abshiro alijibu, akimwita mama kwa heshima.

Rahmo aliichukua, akaiweka kiganjani. Uso wa saa ulikuwa mweupe uliogeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, na mishale yake ya dhahabu. Mkanda ulikuwa umeungua, umebaki kipande. Sugow alikuwa akibadilisha mikanda kila mara kwa sababu ya jasho, leo wa ngozi, kesho wa kitambaa. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, lakini kioo gani hakikwaruzwi na miiba? Alikuwa ameuona mkono ule ukivaa saa ile kila alfajiri tangu alipoolewa, ukiitia ufunguo baada ya swala, trik trik trik, na sasa aligundua kwamba siku zote alikuwa akiutazama mkono.

Sugow alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Aliondoka kabla ya Ramadhani kwenda Bura kutafuta mifugo ya kununua, na tangu hapo habari zake zilikuwa mbili. Wapo waliosema alipanda lori. Wapo waliosema walimwona kwa macho yao akivuka mpaka kwa miguu, mzima wa afya, akiwafuata jamaa zake upande wa Afmadow, na kwamba atarudi njia zikifunguka. Rahmo aliishi ndani ya habari ile ya pili kama mtu anayeishi katika nyumba ya kuazima.

Kerrow, kaka mkubwa wa Sugow, alikuja jioni hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa ngamia, mpole, mwenye mke na watoto wake mwenyewe. Aliitazama saa kwa muda mrefu. Kila mmoja pale alijua kilichokuwa juu ya mkeka. Kama saa ilikuwa ya Sugow, basi Rahmo alikuwa mjane. Angevaa nguo nyeupe na kukaa eda. Eda ikiisha, desturi ya dumaal ingemtaka Kerrow amwoe, ili bintiye Sugow, Saynab mdogo, asilelewe na mtu wa nje. Na kama haikuwa yake, Rahmo alikuwa bado mke wa mtu, na mlango wake ulikuwa na haki ya kubaki wazi.

"Naona umeshapaka ndevu hina," Habibo alimwambia mwanawe. "Unaziandalia nini?"

"Nilipaka kwa ajili ya Idi, hooyo."

"Idi imepita. Hina haijapita."

Kerrow aliinamisha kichwa, akauacha mshale ule umpite. "Nataka nijue kama nimsomee ndugu yangu Kurani au nimwombee safari njema," alisema. "Mtu huwezi kuomba dua mbili kwa pamoja. Saa ni kama mnyama, hooyo. Ina umri wake, na meno yake yanaonekana. Kesho tutampelekea fundi aifungue kinywa."

Fundi huyo aliitwa Musyoka, Mkamba wa Kitui, aliyekuwa ameweka meza yake chini ya kibaraza cha duka moja mjini. Alitengeneza saa na redio. Alikuwa mgeni bado. Fundi aliyemtangulia alifunga kazi vita vilipoanza, akaondoka na vifaa vyake. Musyoka alikuwa na mdomo mwepesi, na watu walisema hicho ndicho kilichomsaidia, kwa kuwa siku zile mtu wa bara aliyenyamaza sana alidhaniwa mabaya, na Msomali aliyenyamaza sana pia.

"Mzee Kerrow! Ile redio yako imekufa tena? Nilikwambia usiilaze na ngamia."

"Redio iko mzima," Kerrow alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na p zake zilitoka kama b. "Leo nimeleta saa. Fungua bole bole, fundi. Hii ni amana."

"Ya nani?"

"Hiyo ndiyo sisi nataka kujua."

Musyoka akamtazama Rahmo aliyesimama nyuma ya shemeji yake, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi, akaacha mzaha. "Kaa, Mama Saynab," alisema, akamsogezea kibao chake mwenyewe.

Kerrow alimweleza habari ya lori na ya kaburi. "Wewe tuambie tu hii saa iko na miaka ngapi. Sisi tunajua ya ndugu yangu iko na ngapi. Kama ni sawa, sawa. Kama si sawa, Mungu ni mkubwa."

"Ya ndugu yako ilinunuliwa lini?"

"Mwaka ya Jumanne."

Musyoka alikuwa ameshaweka kioo kwenye jicho. Akakiondoa. "Mzee, Jumanne kwetu ni siku ya soko. Si mwaka."

"Kwenu. Kwetu mwaka iko na siku yake. Siku ile mwaka inaanza, hiyo ndiyo jina. Jumanne, halafu Jumatano, halafu Alhamisi. Ikimaliza saba, inarudi tena mwanzo."

"Kumbe! Sasa hii ni Jumanne ipi?"

"Ile tulizika baba," Kerrow alisema. "Mimi nilikuwa mbali na ngamia. Yeye baadaye alikuja kwangu na saa mkononi, akaniambia mwenyewe: kaka, hii ni ya mwaka wa Jumanne. Mtoto ya mwaka ile sasa anachunga ngamia beke yake. Miaka kumi na mbili, karibu."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mtu akikutajia mwaka aliomzika baba yake, humwambii ahesabu upya.

Musyoka aliingiza ncha ya kisu chini ya kifuniko cha nyuma, kikafunguka kwa sauti ndogo kama mbegu inayopasuka. Ndani palikuwa pamejaa magurudumu madogo yaliyotulia. Rahmo alishangaa. Hakuwa amejua kwamba Sugow alikuwa akitembea na vitu vingi hivyo juu ya mshipa wake.

Fundi alitazama kwa muda mrefu. Aliigeuza saa huku na huku, akapuliza vumbi, akachokoa kwa kibano. Alipozungumza, alizungumza polepole, akichagua maneno mepesi ili wote wawili wamfuate.

"Nilijifunza kazi kwa Mhindi mmoja Machakos, mwaka wa hamsini na nane. Wakati huo mashine ya namna hii ilikuwa haijafika. Ilipofika, mwaka uliofuata, mwalimu wangu alituita wote dukani tuitazame, kama watu wanaoitwa kumwona mtoto mchanga. Kabla ya hapo hazikuwapo huku. Halafu tazama springi yake. Za zamani ni za buluu, tena hukatika ovyo. Hii ni nyeupe."

"Labda mtu alibadilisha," Kerrow alisema.

"Ningesema hivyo. Lakini fundi akifungua saa hukwaruza alama yake ndani ya kifuniko, ndogo, ili ikimrudia aitambue. Saa iliyovaliwa miaka kumi na miwili katika vumbi hili ingekuwa na alama nne, tano. Hii ina moja. Tena siyo ya springi. Iliingia maji, mzee. Unaona kutu hii iliyosuguliwa? Siyo jasho, ni maji mengi, yenye tope. Mtu akaikausha, akaisafisha, akaifunga. Basi. Haikufunguliwa tena mpaka leo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haifiki miaka saba. Mitano hivi, sita ikizidi sana. Baba yenu alipozikwa, mzee, hii ilikuwa bado chuma ndani ya ardhi."

Kerrow alijifunika uso kwa viganja. "Alhamdulillahi," alisema, na mabega yake yakatikisika. Musyoka aligeukia redio iliyokuwa mezani, akajifanya anatafuta stesheni.

Furaha ilimjia Rahmo ghafla kiasi kwamba aliuvuta mtandio mpaka mdomoni ili watu wa barabarani wasiione. Si yake. Si yake. Maneno ya fundi kuhusu maji aliyasikia kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani. Akili yake ilikuwa imeshalikamata neno moja na kukimbia nalo. Walikuwa wamefika karibu na nyumbani ndipo aibu ilipomjia. Palikuwa na mtu kaburini, na yeye alikuwa akicheka kwa kuwa yule mtu alikuwa wa mwanamke mwingine.

Tangu siku hiyo aliitunza saa kama amana. Musyoka alikuwa amemwonya kwamba saa isiyotiwa ufunguo hukauka mafuta, hivyo kila alfajiri, baada ya swala, aliitia ufunguo, trik trik trik, kisha akaomba dua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sugow, afike salama popote alipo. Ya pili ilikuwa ya mwanamke asiyemjua, mke wa mwenye saa, ambaye labda wakati huo huo alikuwa akikamua mbuzi na kutazama njia. "Ee Mola, mpe subira," alisema. "Mpe watu wa kumshika mkono siku atakapojua." Alimtuma Abshiro aeneze habari katika kambi: saa ipo Galbet, mwenyewe na aje.

Habibo alirudiwa na nguvu. Alianza kuwazomea mbuzi kama zamani, akaweka kando nyama iliyokaangwa na kukaushwa kwenye samli, ile wanayobebewa wasafiri, akasema Sugow akirudi atakuta chakula chake. Kerrow alipokuja alimtania kuhusu hina mpaka mwenyewe akacheka.

Wiki zilipita hivyo. Rahmo aliuza maziwa machache ya mbuzi waliobaki, alisuka mikeka, akapanga foleni kila askari walipokuja kuhesabu watu. Majirani walimwambia amenenepa.

Asubuhi moja alikuwa akisuka mkeka nje ya nyumba, Saynab akicheza na vipande vya ukindu, ndege ilipopita juu ya mji. Siku zile ndege hazikuwa jambo la heri. Mbuzi walitawanyika, na mtoto akakimbia kujificha chini ya mtandio wa mama yake, akitetemeka.

"Usiogope," Rahmo alimwambia, akimpapasa mgongo. "Baba yako hakuziogopa ndege. Alikuwa akizipima kwa saa."

"Akizipima vipi?"

"Alikuwa ametoka Thika kuuza ng'ombe, na saa yake mpya mkononi. Alipofika mtoni akakuta hakuna mto. Pamekuwa bahari. Maji yamefunika miti, njia imekatika, akakaa ng'ambo na watu wengine, wanatazama tu nyumbani kwao wasikoweza kufika. Ndege zikawa zinakuja kuwaangushia waliozingirwa magunia ya unga. Palikuwa na karani pale. Akamwambia baba yako, kijana, una saa na hujui kuisoma? Basi kila ndege ikija, karani anamwuliza, saa ngapi? Hivyo ndivyo alivyojifunza."

Saynab alikuwa ametoa kichwa nje ya mtandio. Rahmo aliendelea, akiigiza sauti ya Sugow, kwani hadithi ile alikuwa ameisikia mara nyingi na kila mara alicheka mahali pale pale.

"Siku moja akaona gunia linaelea. Akaingia majini kulifuata, tope mpaka kifuani, akasahau saa iko mkononi! Ikasimama. Maji yalipopungua akairudisha Thika kwa Mhindi aliyemwuzia. Mhindi akaifungua, maji ya tope yakamwagika mezani. Akamtazama baba yako, akamwuliza, bwana, nilikuuzia saa au nilikuuzia samaki?"

Mtoto alicheka. Rahmo naye alifungua kinywa acheke, na kicheko hakikuja.

Maji ya tope. Alama moja ya fundi.

Mikono yake iliendelea kusuka kwa muda, kama kuku aliyechinjwa anavyoendelea kukimbia. Mafuriko yale aliyajua, kwa kuwa hata yeye alikuwapo. Alikuwa msichana kwa baba yake, upande wa Bura, wamepanda juu ya kichuguu na ndama, na kwa macho yake aliyaona magunia yakianguka kutoka mbinguni na kupasuka, unga ukiyafanya maji meupe. Ndege za Sugow na ndege zake zilikuwa ndege zile zile. Walipooana walilizungumza hilo, wakasema kumbe tulikuwa tunatazama juu pamoja. Na mwaka ule ulikuwa mwaka gani? Ulitanguliwa na ule ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yake, na mwaka wa ukame uliitwa Jumatatu. Baada ya Jumatatu huja Jumanne.

Siyo Jumanne aliyozikwa baba yao akina Kerrow. Ni ile iliyofuata, baada ya miaka saba. Sugow alipomwonyesha kaka yake saa na kusema ni ya mwaka wa Jumanne, alikuwa akisema mwaka wake wa maji na ndege. Kerrow alisikia mwaka wa msiba wake. Kila mtu ana Jumanne yake, ile iliyompiga, na akisikia jina hilo hukimbilia huko. Wala Kerrow hakudanganya. Fundi naye hakukosea. Miaka mitano hivi, alisema. Ilikuwa mitano hivi.

"Mama, halafu?" Saynab aliuliza.

"Halafu basi. Imekwisha."

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba mito mingine pia hufurika, na kwamba saa nyingi huingia maji. Alfajiri iliyofuata hakuitia ufunguo. Siku ile ile ikasimama, na kimya chake kikajaa nyumba, ingawa hakuna aliyekisikia isipokuwa yeye. Katika swala alijikuta ameinua mikono asijue aombe nini. Dua ya msafiri haikutoka. Dua ya pili, ile ya mwanamke asiyemjua, nayo alishindwa kuimaliza, kwa sababu sasa alimjua.

Laiti angeachwa hivyo, huenda angenyamaza miaka. Lakini neno lake mwenyewe lilikuwa limeshatembea kambini, na siku chache baadaye Kerrow alikuja akiwa na mwanamke kijana aliyechoka kwa safari, ameshika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Huyu anaitwa Fatumo, anatoka Bura," Kerrow alisema. "Mume wake ni Nunow. Hajulikani alipo tangu lile lori. Amesikia habari ya saa."

Habibo alimkalisha, akampa maji, kisha maziwa, kisha chai. Hakuwahi kumkirimu mgeni namna ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeingia ndani akaileta saa.

"Itazame, binti yangu. Itazame vizuri."

Fatumo aliipokea. Kucha zake zilikuwa bado na mabaki ya hina ya arusi, yamesogea mpaka nchani. "Sijui," alisema. "Yake ilikuwa na mishale ya dhahabu kama hii. Lakini ilikuwa inang'aa. Aliinunua kwa ajili ya arusi yetu, mwaka huu huu. Hii imechakaa."

"Moto, mwanangu. Moto huchakaza."

"Na kioo..."

"Kioo nacho ni moto."

"Basi labda," Fatumo alisema. "Labda ni yenyewe."

"Ni yenyewe," Habibo alisema upesi, na kwa mkono wake akavikunja vidole vya yule msichana juu ya saa. "Ichukue. Nenda nyumbani, vaa nyeupe, msomee mume wako. Sisi tutakuombea."

Fatumo aliinama mbele na kuanza kulia, bila sauti kwanza, kisha kwa sauti. Kerrow aligeuza uso. Rahmo aliitazama mikono ile ikiikumbatia saa, akaona jinsi ilivyo rahisi. Ilikuwa inatosha akae kimya. Msichana angeondoka na kaburi, naye angebaki na njia yake ya Afmadow, na mlango wake wazi, na mume mzima upande wa pili wa mpaka. Na huko Bura mke wa mtu aliye hai, au ambaye hakuna aliyejua kama amekufa, angekaa eda juu ya kaburi la Sugow. Na kaburi la Sugow lisingekuwa na mtu wake hata mmoja.

"Fatumo," alisema. "Acha kulia. Si yako."

"Rahmo," Habibo alisema.

"Ilifunguliwa na fundi mara moja, miaka iliyopita, ikamwagwa maji. Ya mumeo ni mpya, haijawahi kufunguliwa. Hii iliingia tope mwaka wa mafuriko, mwaka wa Jumanne." Aligeuka. "Walaal Kerrow, ndugu yangu, ile Jumanne ya pili. Siyo ya baba. Sugow aliinunua Thika mwaka wa ndege na magunia. Wewe ulikuwa mbali na ngamia, hukumsikia akisimulia. Mimi nilimsikia, tena mara nyingi. Nilisahau kwa kuwa ilikuwa hadithi ya kuchekesha."

Kerrow alisimama pale pale. Midomo yake ilisogea, naye akahesabu miaka kwa vidole, mmoja mmoja, kutoka ule uliokuwapo kurudi nyuma. Alipofika kidole alichokuwa akikitafuta alikishika kwa mkono mwingine, hakukiachilia.

Habibo hakumtazama mwanawe. Alimtazama Rahmo, na macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Nani amekuomba ukumbuke?" alisema.

Hapo Rahmo alijua kwamba mama mkwe wake alikuwa amekumbuka tangu siku ya kwanza. Mzazi gani husahau mwaka mwanawe alipokwama ng'ambo ya maji, naye yuko upande huu akimlilia? Alikuwa amejua Jumanne zote mbili, akamwachia Kerrow ile iliyokuwa na huruma.

"Hakuna, hooyo," Rahmo alijibu. "Hakuna aliyeniomba."

Kisha Habibo aliinuka kwa shida, akaingia ndani, na wakamsikia akifungua sanduku lake la bati. Alirudi na nguo nyeupe iliyokunjwa, imeanza kuwa ya manjano kwenye mikunjo. Alikuwa ameivaa kwa ajili ya mumewe, katika ile Jumanne ya kwanza, akaifua na kuiweka.

"Ilifuliwa vizuri," alisema. Hakuweza kumvisha. Ikawa Fatumo, mgeni aliyekuja kuchukua msiba, ndiye aliyemfungia Rahmo nguo nyeupe kichwani na mabegani, akiweka kila pindo mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayemvisha bibi arusi.

Kesho yake Kerrow alikuja kusoma Kurani. Alikuwa amekata ndevu zake fupi kabisa, hina yote imekwenda na wembe. Alikaa nje ya mlango, na habari ya dumaal hakuitaja, wala Habibo hakumtania. Saynab alikalishwa karibu yake, akapewa saa aichezee, akaitikisa sikioni na kusema haizungumzi.

Fatumo alilala kwao usiku mmoja tu kwa sababu ya njia. Alipoaga, aliubusu mkono wa Habibo, akamkumbatia Rahmo, akasema yote yanayosemwa kwa wafiwa, na machozi yalikuwa ya kweli. Halafu akashika njia. Rahmo, akiwa ameketi ndani ya weupe wake, alimwona kupitia mlangoni. Alimwona akipita ua wa miiba, akiharakisha kidogo, kisha akiuvuta mtandio wake mpaka mdomoni, kama yeye alivyofanya siku ile kwa fundi, ili watu wa barabarani wasimwone.